Sehemu Isiyojazwa

Nchi yenyewe sitaitaja, si kwa kuogopa, ila kwa sababu haipendi kutajwa na mimi sipendi kumuudhi mtu. Ni nchi nzuri. Ina barabara, ina bendera, na ina Wizara ya Hisia, kitu ambacho majirani zake wote hawana. Waziri wa Hisia ni ndugu yake Mkuu wa Nchi, tumbo moja, na kazi anayoipenda ni kutunga vitabu vya mapenzi. Watu humwita Mheshimiwa Mtunzi. Zamani alikuwa na jina kama watu wengine, lakini lilionekana halitoshi.

Mwaka huo alitoa kitabu kiitwacho Penzi Lililoidhinishwa, kurasa mia sita na kumi na mbili, jalada gumu, picha ya mwandishi mbele na picha ya mwandishi nyuma. Kila nyumba ikapewa nakala, iwe ina msomaji au ina kuku tu. Ikatangazwa Wiki ya Mguso, ambayo ilikuwa na siku kumi na tisa. Katika wiki hiyo kila mtu mzima alipaswa kusomewa kitabu mbele ya Afisa Mguso wa kata yake, na kuguswa.

Kuguswa kulipimwa kwa machozi. Afisa alikuja na kikombe kidogo cha kioo chenye mistari, kama kile cha kupimia dawa ya kikohozi ya watoto, akakiweka chini ya jicho. Machozi yakifika mstari wa kwanza, unapigwa muhuri: AMEGUSWA. Na ili watu wasidanganye, vitunguu vilipigwa marufuku sokoni mpaka wiki iishe. Pilau za harusi zikatoka nyeupe kama uji wa mgonjwa, zikaliwa hivyo hivyo, na hakuna aliyeuliza.

Asiye na muhuri aliandikwa HAJAGUSWA. Huyo hapati kibali cha kuoza wala kuozwa, yeye wala walio chini yake, na baadaye huchukuliwa kwa gari kupelekwa Nyumba ya Kulainishwa. Si mahali pabaya. Bi Mize wa nyumba ya pili alikaa huko miezi minne akarudi na uso mwororo kabisa. Sasa analia akisikia kengele ya baiskeli, analia akiona bakuli, na ukimuuliza jina lake anakushukuru.

*

Katika kata hiyo aliishi Bi Siwatu, na kazi yake ilikuwa usomo. Mwari akikaribia kuolewa, mama yake humkabidhi kwa somo siku kadhaa, afundwe: namna ya kukaa na mume, namna ya kukasirika bila kuvunja vyombo, na mengine ambayo hayaandikwi. Bi Siwatu alikuwa amefunda wari kwa miaka arobaini. Alikuwa mwanamke mpole, wa taratibu, asiyeanza jambo la pili kabla la kwanza halijakauka. Na sasa alikuwa na mwari wa mwisho, ambaye alikuwa mjukuu wake mwenyewe, Mwatima, yatima aliyemlea tangu ana meno mawili. Mwatima alikuwa anaolewa Ijumaa na Vuai, fundi baiskeli. Maombi ya kibali yalikuwa yamekubaliwa, kimebaki kitu kimoja tu: muhuri wa bibi. Na maombi yenyewe, pamoja na kibali chake, yangekwisha muda wake Ijumaa hiyo hiyo jua likizama, baada ya hapo yanaombwa upya kwa miaka miwili.

Afisa Mguso, kijana mmoja aitwaye Pandu, alifika Jumamosi asubuhi akamkuta anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Bado anakununia kila ukichelewa?"

"Siku hizi ananinunia hata nikiwahi."

"Basi amekua. Kaa."

Mke wa Pandu alifundwa na Bi Siwatu, kwa hiyo Pandu hakuwa na pa kuweka macho yake. Akaketi kwenye kigoda, akatoa kitabu, kikombe, saa na muhuri, akavipanga juu ya kitambaa. Bi Siwatu akanawa mikono, akafuta kidole kimoja kimoja, akavaa miwani ingawa hakuwa anasoma yeye.

Pandu akasafisha koo. "'Zaituna alikuwa mwanamke mwenye macho mawili, na yote yalikuwa usoni. Kamishna Jabiri alipomwona, upendo wake uliongezeka kwa kasi ya kuridhisha. Nakupenda, alisema Jabiri, baada ya kushauriana na wahusika wote. Zaituna aliipokea taarifa hiyo kwa furaha kubwa, kisha wakaelekea kwenye uzinduzi wa kisima.'"

Akatazama kikombe. Kikombe kilikuwa baridi chini ya jicho la bibi. Nzi alitembea juu ya nazi.

"Rudia pale pa macho," alisema Bi Siwatu. "Labda nimepitwa."

Pandu akarudia. Wakangoja. Bi Siwatu alijaribu kumkumbuka marehemu mumewe, Faki, maana wengi walipona kwa njia hiyo. Lakini kila Jabiri aliposema neno, Faki alirudi nyuma hatua moja, kama mgeni aliyefika akakuta mkutano.

"Bibi, kaza kidogo."

"Nakaza, mwanangu. Nimekaza mpaka sikio linavuma."

"Yule mzee wa nyumba ya kona alilia kwenye jalada."

"Yule ana jino bovu."

Wakaenda hivyo mpaka ukurasa wa sitini. Jabiri alimshika Zaituna mkono kwa dakika mbili na nusu. Jabiri alimweleza Zaituna mafanikio ya sekta ya mifugo. Jicho la Bi Siwatu likabaki kavu kama sahani iliyoanikwa. Pandu akaangalia mlangoni, akainama.

"Bibi, mimi naweza kugeuka nikawatazama kuku wako. Nitawatazama muda mrefu. Pale kuna mtungi wa maji."

Bi Siwatu akautazama mtungi. Akamsikia Mwatima ndani akipiga pasi kanga za harusi, akiimba kwa kuruka maneno asiyoyajua.

"Miaka arobaini nawaambia wari wasijifanye," alisema. "Mkeo nilimwambia hivyo hivyo. Leo nijifanye mimi, tena kwa kikombe?"

Pandu akashika kalamu. Akaandika HAJAGUSWA kwa maandishi madogo sana, akampa fomu aweke sahihi. Bi Siwatu akaisoma yote, kuanzia nembo. Chini kabisa palikuwa na mistari minane mitupu, na juu yake pameandikwa: Kama mwananchi hajaguswa, aeleze sababu.

"Na hapa?"

"Sehemu hiyo huwa haijazwi, bibi."

"Kwa nini ipo?"

"Ili karatasi ijae."

Sasa, huyu mama alikuwa somo, na mila ya usomo ni moja: mwari akiuliza, hujibiwa. Hata akiuliza jambo la aibu, hata akiuliza vibaya. Yeye aliiona mistari ile minane, akaona hapa kuna mtu anauliza. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuchapisha swali asilolitaka. Akaomba kalamu. Mwandiko wake ulikuwa ule wa darasa la nne, herufi kubwa zimesimama kama watoto gwarideni.

Aliandika hivi: Mwanangu mtunzi, salamu. Kitabu nimekisikia kwa makini, kosa si la msomaji, amesoma vizuri. Mimi naona hujawahi kumtazama mwanamke. Anayependa huona kitu kidogo. Marehemu mume wangu alijua kwamba nikikasirika naanza kuosha sufuria kwa nje. Hakuniambia hata siku moja kwamba nina macho mawili. Tazama kwanza, halafu uandike. Usione vibaya. Mimi Siwatu.

"Bibi," alisema Pandu, na sauti yake ilikuwa imepungua, "nikiipeleka hii, imefika."

"Si ndiyo maana ya kupeleka?"

*

Jumapili hakuja mtu kuomba kaa la moto. Jumatatu watoto waliokuwa wakicheza kibarazani kwake waliitwa na mama zao, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida. Jumanne alikwenda kuchota maji akakuta foleni, na foleni ikampisha, mtu wa kwanza mpaka wa mwisho, kama anavyopishwa mwenye msiba. Bi Mize peke yake alimkaribia. Akamshika mkono, akalia, akamshukuru.

Jumatano saa tatu asubuhi yakaja magari matatu meupe. Watu wawili wakashuka mbele, wakatandaza zulia jekundu kutoka garini mpaka kwenye kigoda, na kifaranga mmoja akabaki chini yake, akawa anakwenda kama uvimbe mdogo mpaka akapata njia. Kisha akashuka Mheshimiwa Mtunzi.

Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti laini na mikono safi. Hakumtazama mtu. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi alizoshika, hata salamu alizisoma.

"Habari za asubuhi, mwananchi Siwatu. Karibu," alisoma, ingawa mgeni alikuwa yeye. "Ofisi yangu imepokea maoni yako. Katika vitabu kumi na saba, hii ni mara ya kwanza kupokea maoni. Imetubidi tuunde idara ya kuyapokea." Akafunua ukurasa. "Umesema sijawahi kumtazama mwanamke. Niliagiza uchunguzi. Uchunguzi umethibitisha."

Pandu, aliyesimama nyuma na daftari, akaandika: umethibitisha.

"Sikukusudia ubaya, mwanangu," alisema Bi Siwatu.

"Hakuna ubaya. Taifa linalojikosoa ni taifa linalojikosoa." Akatua kidogo ili watu wa zulia wapige makofi. "Kwa hiyo nimeamua kutazama."

Hapo ndipo Mwatima alipotokea na sinia la kahawa, maana mgeni ni mgeni. Akapiga goti, akaweka kikombe, akageuza mkono wake kusudi bangili isigonge. Na Mheshimiwa Mtunzi akainua macho kutoka kwenye karatasi. Ilichukua muda. Shingo yenyewe haikuzoea. Akamtazama Mwatima kama mtu anavyotazama shimo lililochimbiwa nguzo, kuona kama itaenea.

"Andika," alimwambia Pandu. "Ana bangili. Ameizuia isilie. Kwa nini ameizuia?"

Mwatima alishusha macho yake chini, sinia limekuwa kama ngao kifuani.

"Kizuri hiki," alisema Mheshimiwa. "Sikuwahi kujua. Huyu atafaa."

"Huyu ni mjukuu wangu, Mheshimiwa. Anaolewa keshokutwa."

"Vizuri zaidi. Akiwa na huzuni kidogo itasaidia sura ya tatu. Gari litakuja kumchukua kesho saa sita. Atakaa kwenye Jumba la Utunzi, atatazamwa kwa heshima zote."

"Kwa muda gani, mwanangu?"

"Mpaka kitabu kiishe," alisema Mheshimiwa, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mimi huandika polepole."

Magari yakaondoka. Zulia likaviringishwa, likaenda na vumbi la uani. Pandu alibaki nyuma akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Kwenye kitabu chake cha njaa," alisema akiwa ameinama, "maofisa walimchukua mtu mmoja wamtazame kwa niaba yake. Mkulima, wa kata ya bondeni. Ametajwa kwenye ukurasa wa shukrani."

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kwenye ukurasa wa shukrani, bibi."

*

Mwatima alikaa ukutani, miguu ameikunja, kanga ya harusi mapajani haijamalizwa kupigwa pasi.

"Kwani ulimwandikia nini, bibi?"

"Nilimwandikia kweli, mke mwenzangu."

"Yote?"

"Nilibakiza kidogo. Mistari ilikwisha."

Msichana akacheka, kisha cheko likamgeukia. Bi Siwatu hakumbembeleza, maana alikuwa anafikiri, na yeye kufikiri kwake kulikuwa kama kukunja nguo: pindo kwa pindo. Mtu huyu anataka kutazama kwa sababu nimemwambia hakutazama. Nimemwambia hakutazama kwa sababu sikuguswa. Basi kama nimeguswa, hana haja ya kutazama. Akaikunja mara ya pili, pindo zikakutana. Akaamka akaenda kwa Pandu kwa miguu yake, jua la saa nane.

"Mwambie nilikosea. Miwani ilikuwa na vumbi. Mwambie jana usingizini kitabu kilinijia, nimeguswa."

Pandu akamtazama mwanamke aliyemfunda mkewe, akaona uso wake umekuwa wa mtu mwingine, akageuka kuchukua baiskeli.

Jibu likaja magharibi: Mheshimiwa angekuja mwenyewe kumsomea.

Alhamisi saa mbili alikuwa amekwisha keti uani, mgongo wake kwenye mlango wa nyumba, kitabu magotini. Bi Siwatu ndiye aliyekipanga kiti hivyo, akasema huko ndiko kwenye kivuli. Pandu akaweka kikombe chini ya jicho. Nje ya wigo gari la Jumba la Utunzi lilikuwa limewashwa, likisubiri saa sita.

"'Zaituna,'" alisoma Mheshimiwa, "'alikaa kwenye kiti.'"

Bi Siwatu akalia. Wala hakuhitaji mtungi. Alilisikia lile gari likinguruma taratibu, akamsikia Mwatima ndani akinyamaza, na machozi yakaja kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Yakapita mstari wa kwanza, yakapita wa mwisho, Pandu akakimbia kuleta kikombe cha chai.

Mheshimiwa akaacha kusoma. "Hapa hasa?"

"Hapo hapo, mwanangu. Kwenye kiti."

"Wahariri walitaka kukiondoa kiti."

"Mungu awasamehe."

Mheshimiwa akavuta pumzi ndefu. Hakuna aliyewahi kulia mbele yake. Machozi ya nchi nzima alikuwa akiletewa kwa takwimu. "Kwa hiyo nilikuwa sahihi," alisema. "Kumbe sikuwa na haja ya kutazama."

"Huna haja. Wewe umekwisha ona kwa ndani."

"Mimi mwenyewe nilishangaa. Jana nilitazama mara moja tu, shingo imeniuma mpaka leo." Akanyoosha mkono, Pandu akapiga muhuri, AMEGUSWA, na kibali cha Mwatima kikapigwa juu yake hapo hapo. Gari likaambiwa lizime. Halikuambiwa liondoke. "Amri ya kutazama inasimamishwa," alisema Mheshimiwa, "kwa kadiri itakavyoonekana inafaa. Sasa tuendelee."

"Tuendelee, Mheshimiwa?"

"Kuna kurasa mia sita na kumi na mbili. Utaguswa kote."

Akasoma. Bi Siwatu akalia. Karibu na adhuhuri alichoka, jicho moja likakauka, na papo hapo sauti ya msomaji ikapungua. Akaona shingo ile kubwa inaanza kugeuka, kidogo kidogo, kuelekea mlango wa nyumba. Akatoa kwikwi. Shingo ikarudi kwenye kitabu. Kwa njia hiyo akaijua kazi aliyopewa. Alilia kwenye uzinduzi wa kisima, akalia kwenye hotuba ya mifugo, akalia Jabiri alipovaa soksi. Jioni Mheshimiwa akaweka kipande cha uzi kwenye ukurasa wa mia mbili na tano, akasema kesho watamaliza.

*

Ijumaa harusi ilifungwa nyuma ya mgongo wa Mheshimiwa.

Kibali kilikuwa kinakwisha jua likizama, na Mheshimiwa alikuwa ukurasa wa mia tatu na themanini. Vuai aliozwa msikitini, kwa sauti ya chini, kanzu yake ina alama ya grisi kwenye mkono. Wanawake waliingia kwa mlango wa jikoni mmoja mmoja, viatu mkononi. Pilau nyeupe ilipakuliwa kwa mikono kusudi upawa usigonge sufuria. Hapakuwa na ngoma. Vigelegele vilipopanda, walijaza pindo za kanga vinywani wakavimeza, na Bi Mize, aliyekuwa analia tangu asubuhi, aliwekwa karibu na dirisha ili kilio chochote kionekane ni chake.

Bi Siwatu alikuwa bado hajamfunda mwari wake. Siku zile mbili za mwisho, ambazo somo na mwari hukaa chumbani peke yao, yeye alikuwa uani na kikombe chini ya jicho. Mengine ambayo hayaandikwi, hakupata kumwambia hata moja.

Saa kumi na moja na nusu wakamtoa bibi harusi. Njia ya kwenda kwa mume ilikuwa moja, kupitia uani, hatua tano nyuma ya kiti cha Mheshimiwa. Bangili walikuwa wamemvua zote. Udi hawakuweza kumvua. Ulitangulia mbele yake, ukafika uani, ukamzunguka msomaji kichwani.

Sauti ikakatika katikati ya sentensi.

Bi Siwatu alizisikia nyayo. Alizijua, maana ndizo alizozifundisha kutembea kwenye sakafu hiyo. Zilisimama kidogo, nyuma pale, zikingoja. Mwari hutazamwa na bibi yake akitoka, huwekewa mkono kichwani, ndipo huenda. Bi Siwatu alikaza macho kwenye kitabu, kwenye herufi, maana kama angeinua jicho, mtu yule mbele yake angelifuata.

Nyayo zikaendelea. Lango likafunguka bila mlio. Pandu alikuwa amelipaka mafuta ya nazi.

Mheshimiwa Mtunzi aliinua kichwa. "Nani aliyepita?"

"Hakuna mtu, mwanangu," alisema Bi Siwatu, machozi yakimtoka. "Soma."

Akamtazama kidogo, kisha akarudi kwenye ukurasa, akaweka kidole chini ya mstari. Zilikuwa zimebaki kurasa mia mbili na kumi na moja.